Taulo la Kona ya Bluu

Mercyline Nanyama alikuwa na mataulo ishirini na manne, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuyafua. Kulikuwa na madogo meupe ya uso, yale ya kahawia ya wateja wanaopaka rangi ya nywele ili madoa yasionekane, na makubwa ya mabegani. Alifanya kazi kwenye duka la kunyolea la Gathogo, orofa ya kwanza, si mbali na soko la Nakuru. Vijana wa mbele walinyoa. Wakimaliza, mteja alipelekwa nyuma kwa Mercyline, akaoshwa kichwa, akalazwa kwenye kiti, kisha taulo la moto likafunika uso wake kuanzia kidevuni hadi kwenye paji. Wageni walishtuka. Yeye aliwawekea kidole gumba katikati ya nyusi, akabonyeza kidogo, nao wakalegea wenyewe. Miaka kumi na moja mikono yake ilikuwa imeshika vichwa vya watu, na alijua mwenye usingizi, mwenye homa, na aliyetoka kugombana nyumbani, kabla hawajasema lolote.

Ndiyo sababu Ogola, kocha wa ndondi wa mtaani kwao Kivumbini, alimwendea siku moja msaidizi wake alipohamia Eldoret.

"Mercyline, mataulo unayo, na mkono unao," alisema. "Njoo usimame kwenye kona ya ndugu yako."

Ndugu mwenyewe, Jerry Makokha, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema sawa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama yao alipofariki alikuwa na kumi na miwili, baba alikuwa ametangulia kitambo, na ni Mercyline aliyemlipia shule, akamnunulia viatu vya kwanza vya ndondi, akamkataza ndondi, kisha akachoka kumkataza. Basi akawa mtu wa kona. Kocha alisema na bondia, naye alishika chupa ya maji, mfuko wa barafu na taulo. Mapambano tisa alisimama hapo, na Jerry alishinda manane.

La kumi lilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kijamii uliojaa hadi watu wakakaa madirishani. Mstari wa mbele walikuwa wamekaa makocha wa timu moja kubwa ya kikosi cha usalama, wanaume watatu wenye jaketi za kufanana, na ilijulikana mji mzima kwamba wangechukua mabondia wawili, wawape kazi, sare na nyumba. Jerry alikuwa kona ya bluu. Kona nyekundu alikuwa Kipkorir, kijana mrefu kutoka Eldoret, anayepiga kwa mkono wa kushoto.

Raundi ya kwanza Jerry aliichukua peke yake. Ya pili aliichukua pia, ila karibu na mwisho ngumi moja ilizunguka ikamfikia pembeni mwa jicho. Haikuonekana kubwa. Watu hata hawakuguna. Kengele ilipolia alirudi kwenye kigoda, Ogola akainama sikioni mwake, na Mercyline akaanza kumpangusa: paji, nyusi, chini ya pua, kisha taulo la baridi nyuma ya shingo.

"Maji, mama," Jerry alisema.

Mercyline alisimamisha mkono. Kisha Jerry akanyoosha glavu kuisogeza chupa mdomoni, na glavu ikapita pembeni ya chupa, kama upana wa kiganja, ikashika hewa.

"Kocha," Mercyline alisema, "huyu hayuko sawa."

"Anaongoza!" Ogola alijibu bila kumtazama. "Ni dakika tatu tu. Jerry, mkono wa kulia juu, umesikia? Juu!"

Raundi ya tatu ilianza. Ukumbi uliimba jina la Jerry, wanawake wa mtaani wakapiga sufuria walizokuja nazo, na Jerry alirusha ngumi nzuri, moja baada ya nyingine. Mercyline hakuziona hizo. Aliona zile zilizomjia upande wake wa kushoto. Moja ilikuja, Jerry hakuinua mkono. Ya pili ikaja, hakuinua. Ya tatu ikamgeuza kichwa, naye akatazama mahali ambapo Kipkorir hakuwepo. Zilibaki sekunde arobaini.

Hakukumbuka baadaye kama aliamua. Alichokumbuka ni kwamba taulo lilikuwa mkononi mwake, zito kwa maji, na mara likawa halimo. Lilipita juu ya kamba likaanguka karibu na kiatu cha refa.

Refa alilitazama. Akamtazama Ogola, aliyekuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasimama katikati yao na kupunga mikono juu. Taulo likishaingia ulingoni kutoka kona yako, mambo yameisha, hata kama unaongoza kwa pointi mia.

Jerry alibaki ameinua glavu, hajaelewa. Alitazama sakafuni kwanza. Akamtazama kocha. Mwisho akamtazama dada yake, na macho hayo ndiyo Mercyline aliyoenda nayo nyumbani.

Daktari wa mashindano alimmulika Jerry kwa tochi ndogo, akamwuliza ni siku gani, akamtembeza kwenye mstari wa vigae. "Yuko sawa," alisema. "Apumzike mwezi mmoja kama kawaida." Maneno hayo yalimwumiza Mercyline kuliko miluzi yote ya ukumbi. Majaji watano, wote, walikuwa wamempa Jerry raundi mbili za kwanza. Wale wanaume wenye jaketi walimchukua Kipkorir na kijana mwingine wa Naivasha.

Nyumbani Jerry hakupiga kelele. Alipanga nguo zake kwenye begi la mazoezi, akazitoa, akazipanga tena.

"Ungenipiga na kiti ingekuwa afadhali," alisema.

"Jerry, nilikuona. Hukuwa unaziona zile ngumi."

"Nilikuwa nashinda, Mercy."

"Nilijua."

"Ulijua?" Alifunga zipu. "Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Kesho yake alienda Kamere, ufukweni mwa ziwa Naivasha, kwa binamu yao Barasa aliyefanya kazi ya kubeba samaki. Simu za Mercyline hakuzipokea.

Zikaanza wiki ambazo Mercyline hakutulia mahali pamoja. Mtu alikuwa amerekodi lile pambano, na video ikazunguka simu zote za mji: taulo linaruka, linatua, na sauti ya mpiga picha ikisema, "Aii, nani amerusha?" Watoto wa mtaani wakampa jina, Mama Taulo. Akiteremka ngazi asubuhi, mmoja alimrushia kitambaa cha kufutia vyombo miguuni na wenzake wakapunga mikono juu kama refa. Redioni mwanasiasa alisema yeye hatatupa taulo hadi siku ya kura. Na Jumapili kanisani mhubiri, ambaye hakuwa na nia mbaya yoyote, aliinua Biblia na kuuliza, "Mpendwa, umebakisha kidogo, kwa nini unarusha taulo?" Safu tatu ziligeuka nyuma kumtazama. Mhubiri alitambua, akababaika, akaanzisha wimbo kabla ya wakati wake.

Usiku hakuwa analala vizuri, lakini mchana ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mchana ulikuwa na kazi ya mikono. Alikunja mataulo, akayafungua kuona kama yamekunjwa sawa. Alifua yaliyokuwa safi. Akimwosha mteja kichwa alijikuta akimwuliza, "Unaona vizuri?" na mteja akishangaa, "Naona, mathe, kwani vipi?" Siku ya Alhamisi alitoa taulo kwenye kisanduku cha mvuke bila kulipima kwenye mkono wake, akamfunika nalo mwalimu mmoja mstaafu, mzee Kiprugut. Mzee aliruka kutoka kitini na mashavu mekundu.

Gathogo alimwomba mzee msamaha, kisha akamwita Mercyline kando. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nenda Kamere," alisema. "Ukirudi utafanya kazi. Sasa hivi unanichomea wateja."

Alienda Ijumaa. Ziwa lilikuwa limetulia, korongo wakubwa wenye vichwa vya upara wakizunguka kwenye taka za samaki, na kwa mbali mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua yakimeta. Alimwona Jerry kabla Jerry hajamwona. Alikuwa anatoka majini na kreti la samaki kichwani, taulo kuukuu amelisokota likawa kata ya kubebea. Alitembea akigeuza kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza kitu. Mercyline aliliona hilo, akajiambia ni uzito.

Jerry alitua kreti, akalikunjua lile taulo, akajifuta shingo.

"Umekuja kunitoa huku pia?" aliuliza.

"Nimekuja kukuona."

Walikaa kwenye mtumbwi uliogeuzwa. Mama mmoja aliyekaanga samaki aliwaletea sahani bila kuulizwa, akamwambia Mercyline kwamba kijana wake ni mchapakazi, akaenda zake.

"Nieleze," Jerry alisema. "Niliulizwa na kila mtu huku, nikakosa la kuwaambia. Ulisikia nini? Uliona nini?"

"Uliniita mama."

Jerry aliacha kula.

"Raundi ya pili ilipoisha. Ulisema, maji, mama. Jerry, mama ana miaka kumi na moja kaburini. Nikajua kichwa chako kimepata shida."

Jerry alimtazama. Kisha akatoa mwiba wa samaki mdomoni na kuuweka pembeni ya sahani.

"Mimi hukuita mama," alisema polepole. "Si mbele ya watu. Lakini nikiwa naumwa, nikiwa na usingizi, hukuita hivyo tangu nikiwa darasa la saba. Hujawahi kusikia?"

Mercyline aligeukia ziwa. Hakuwahi kusikia. Ama alisikia akadhani ni ndoto za mtoto.

"Kwa hivyo ni hilo tu?" Jerry aliuliza.

"Na chupa. Ulikosa chupa."

"Nilikuwa na glavu."

"Mapambano tisa ulikuwa na glavu, na hukuikosa."

Jerry alisimama, akasokota taulo tena, akaliweka kichwani. Alionekana kama anataka kusema kitu, ila alichosema kilikuwa kingine. "Ogola amenipatia pambano Bahati, mwisho wa mwezi. Si kubwa. Wale wa kikosi watatuma mtu mmoja aje aangalie. Usije, Mercy. Nakuomba na heshima zote, usije."

Alirudi Nakuru akiwa na mashaka zaidi ya alipotoka. Nusu ya ushahidi wake ilikuwa imeanguka majini. Kama alikuwa amesikia vibaya, pengine aliona vibaya pia. Pengine ni hofu tu ilirusha lile taulo, hofu ya mwanamke aliyemzika mama na asiyetaka kuzika tena, na kijana akapoteza kazi, sare na nyumba kwa sababu dada yake hakuweza kuvumilia sekunde arobaini. Alijaribu kumpigia Ogola. Ogola alipokea, akasema, "Mercyline, wewe ni mtu mzuri. Lakini wacha nifanye kazi," akakata.

Siku ya pambano la Bahati alijipangia kazi ya siku nzima. Saa nne alikuwa ameosha vichwa viwili. Saa sita alimwuliza Gathogo saa. Saa sita na dakika kumi akamwuliza tena. Gathogo akaelekeza mlangoni kwa mashine ya kunyolea aliyokuwa ameshika.

Ukumbi wa Bahati ulikuwa ghala la mahindi lililofagiliwa. Ulingo ulisimamishwa katikati, na watu walikaa juu ya magunia. Mercyline alijifunga leso kichwani, akaingia nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakubeba taulo wala mfuko. Kwenye kona ya Jerry alisimama kijana mgeni, anayempangusa mbio mbio kama anayefuta meza.

Mpinzani alikuwa mtu mzito wa Kuresoi, mpiga ngumi za kubahatisha, na raundi ya kwanza Jerry alimchezea. Mercyline alikalia mikono yake. Alimsikia mzee wa pembeni akisema, "Huyu wa bluu ni fundi," akataka kumshukuru. Raundi ya pili mtu wa Kuresoi alianza kuja kutoka upande wa kushoto. Hakuwa na hila, alizunguka tu huko kwa sababu huko kulimpa nafasi. Ngumi zikaanza kufika. Watu walimpigia Jerry kelele ainue mkono. Mercyline alisimama, akakaa, akasimama. Mwanamke wa nyuma yake akamvuta gauni.

Kengele ililia. Jerry aligeuka, akatembea hatua tatu kuelekea kona nyekundu.

Wachache walicheka. Refa alimshika kiwiko, akamwelekeza. Jerry alifika kwenye kigoda chake, akakaa. Ogola aliinama akaanza maneno yake. Na Mercyline, kutoka kule mlangoni, alimwona ndugu yake akitikisa kichwa. Si sana. Mara moja, kisha mara ya pili. Ogola akanyamaza. Jerry aliinua glavu moja kumwita refa, akamwambia jambo fupi. Halafu akamnyooshea yule kijana mikono ili amfungue.

Ghala zima lilizomea. Mtu wa Kuresoi hakujua kama ashangilie. Mercyline alikuwa ameshapita kati ya magunia, akikanyaga vidole vya watu, leso imemtoka. Alipofika chini ya kamba Jerry alimsikia kabla hajamwona, maana alilazimika kugeuza uso mzima.

"Nilikwambia usije."

"Nilisikia. Umepata nini?"

"Jicho la kushoto," Jerry alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Ogola alikuwa karibu, akisikia. "Kuna kitu kama pazia. Kinashuka kutoka juu. Leo kimefika katikati."

"Tangu lini?"

Jerry alitazama mikono yake.

"Jerry. Tangu lini?"

"Kilianza kidogo tu, kama nzi weusi wanapita. Kabla ya lile pambano la Nakuru. Wiki mbili kabla." Alimeza mate. "Ningesema, nisingepanda ulingoni. Na wale watu walikuwa wanakuja mara moja."

Ogola alikaa pembeni ya ulingo kama mtu aliyekatwa miguu. Alikuwa amefundisha vijana miaka ishirini na sita. "Mkono wa kulia juu," alisema peke yake. "Nilikuwa nakuambia mkono wa kulia juu." "Kumbe ni wa kushoto."

Jumatatu walikuwa kwenye kliniki ya macho. Daktari, mwanamke kijana aliyeitwa Jepkemboi, alimtia Jerry dawa ya kupanua mboni, akatazama kwa muda mrefu, akaeleza bila kuzungusha. Ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho ilikuwa imechanika na kuanza kubanduka. Ngumi ndizo zilizoanza, na ngumi nyingine zingemalizia. Wangemfanyia upasuaji kesho yake. Huenda jicho lingerudi nusu, huenda zaidi, huenda lisirudi. Ndondi, hapana. Alisema hapana hiyo mara moja tu.

"Na kichwa?" Mercyline aliuliza. "Ubongo?"

"Kichwa hakina shida. Nani alisema kina shida?"

Asubuhi ya upasuaji walikaa kwenye benchi la korido, Jerry amevaa gauni la kijani lililomfika magotini. Watu waliopita walimtazama mabega.

"Kwa hivyo ulikosea," alisema ghafla. "Ulidhani ni kichwa."

"Nilikosea."

"Na ningemaliza zile sekunde. Jicho lilikuwa bado linaona nusu. Ningemaliza na ningeshinda."

"Ungeshinda," Mercyline alisema.

"Ningekuwa na sare saa hii."

"Na daktari wao angekupima wiki ya kwanza."

Jerry alifikiria hilo. Alicheka kidogo kupitia puani, bila furaha. "Usinitake nikushukuru, Mercy."

"Nimekuomba?"

"Bado siwezi."

"Basi usiweze. Nyamaza upumzike."

Muuguzi alikuja na kiti cha magurudumu. Jerry alikikataa, akatembea. Mlango ulipofungwa Mercyline alianza kuzunguka korido, kutoka dirisha la kwanza hadi la mwisho, na kurudi. Walimwambia akae. Alikaa, akasimama. Mlinzi wa mlangoni, mtu wa makamo, alimletea chai kwenye kikombe cha karatasi, na alipokuja kuchukua kikombe alikikuta kimejaa, kimepoa.

Sasa ni miezi mitano. Jerry yuko kwa Gathogo, amejifunza kushika mashine, na wateja wanampenda kwa kuwa haongei sana. Ogola huja kunyolewa kila baada ya wiki mbili. Huketi kwenye kiti cha Jerry, si cha kijana mwingine, na safari mbili hizi za mwisho ametaka pia kuoshwa kichwa, ingawa nywele zenyewe ni chache. Kuhusu ndondi hawazungumzi.

Kila asubuhi kabla ya wateja kuja, Jerry hutoka barazani, akaziba jicho la kulia kwa kiganja na kutazama bango la duka la vipuri ng'ambo ya barabara. Mercyline huwa nyuma, akipanga kazi yake, na humsikia akisoma kwa sauti ndogo. Kuna siku husoma herufi nne. Kuna siku husoma mbili, akatulia, akajaribu tena kuanzia mwanzo. Naye Mercyline huacha alichoshika, akabaki amesimama, akisubiri kusikia kama kuna ya tano.